Asubuhi ya baharia haianzi na jogoo

Saa kumi na moja alfajiri, ukungu ungali umelala miguuni mwa Mlima Meru, madereva wa utalii wanaoishi Olasiti, Arusha, wameshafungua boneti. Mmoja anapima oili, mwingine anakagua tairi, mwingine anapanga chupa za maji kabla ya kushika barabara ya Makuyuni na Karatu. Hakuna anayewahimiza. Wanajua kwamba kilichosahaulika Olasiti hakipatikani katikati ya hifadhi.

Kutoka hapa hadi bandari ya Tanga ni zaidi ya kilomita 400, lakini bahari ina watu wake hata Arusha. Kijana wa mlimani anayetaka kazi ya melini anaweza kujiunga na Chuo cha Bahari Dar es Salaam, DMI, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1991. Akishapanda meli, nyumbani humtumia yale mawaidha yanayozunguka kwenye simu: amka alfajiri, kunywa maji, fanya mazoezi, panga siku yako. Ni mawaidha mema, ila yanamhusu mtu aliyelala usiku kucha kitandani kwake. Baharia anahitaji asubuhi ya namna nyingine, na kiungo chake cha kwanza ni usingizi.

Katika meli nyingi za mizigo, maofisa hugawana saa 24 kwa zamu za saa nne. Kuna anayeshika saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri, anayempokea hadi saa mbili asubuhi, na wa tatu hadi saa sita mchana. Baada ya saa nane za mapumziko, kila mmoja hurudi tena. Kwa hiyo aliyetoka zamu saa kumi alfajiri ndiyo kwanza anatafuta mto, wakati mwenzake anatafuta chai. Kuwaambia wote wawili waamke saa kumi na moja ni kumwibia mmoja wao usingizi.

Hasara ya wizi huo inajulikana. Tarehe 3 Aprili 2010, meli ya makaa ya mawe Shen Neng 1 ilipanda mwamba katika matumbawe makubwa ya Australia. Ilikuwa jioni, jua halijazama. Uchunguzi ulionyesha kwamba ofisa aliyekuwa zamu alikuwa amelala saa mbili na nusu tu katika saa 38 na nusu zilizotangulia. Alitakiwa kubadili mwelekeo wa meli, akachelewa.

Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006 unampa baharia angalau saa 10 za mapumziko katika kila saa 24, na saa 77 katika siku saba. Saa hizo 10 zisigawanywe katika vipande zaidi ya viwili, na kipande kimoja kisipungue saa sita. Hata hivyo, mwaka 2020 Chuo Kikuu cha Bahari Duniani, kilichoko Malmö, Sweden, kilitoa utafiti ulioeleza jinsi madaftari ya mapumziko yanavyorekebishwa ili yalingane na sheria, huku watu wakiendelea kuchoka. Hapo ndipo mwenye meli na nahodha wanapopaswa kubanwa. Kumfundisha baharia nidhamu ya asubuhi huku daftari lake likidanganya ni kumtwisha mzigo wa mtu mwingine.

Saa hizo zikilindwa, mazoea madogo yanaanza kuzaa matunda. La kwanza ni kuamka mapema kidogo kabla ya zamu, kwa sababu akili ya mtu aliyetoka usingizini huweza kubaki nzito kwa nusu saa hivi. Anayepokea zamu ya usiku lazima macho yake yazoee giza kwanza, kisha asome maagizo ya nahodha, aangalie meli ilipo na vyombo vilivyo jirani. Dakika hizo ndizo boneti yake.

La pili ni mwanga na kikombe. Aliyeamka kuanza kazi atoke nje aone jua, maana mwanga ndio unaoiambia saa ya mwili kwamba kumekucha. Anayekwenda kulala baada ya zamu afanye kinyume: apunguze mwanga, afunge pazia, aweke simu mbali. Kahawa nayo ina kipimo chake, kwani saa tano baada ya kuinywa, karibu nusu ya nguvu yake ingali mwilini. Kikombe cha mwisho wa zamu humkesheza kitandani yule yule ambaye kilimsaidia kazini.

Wavuvi wa pwani wana kalenda ngumu zaidi. Wavuvi wa dagaa wanaotumia taa hufuata usiku wa giza, na mbalamwezi ikikomaa hupumzika. Wengine huongozwa na kupwa na kujaa, ambako husogea kwa takriban dakika 50 kila siku, hivyo saa ya kuamka ya Jumatatu haifai Ijumaa. Asubuhi inapowadia soko la Feri, Dar es Salaam, wao wanamaliza usiku wao, na bado kuna mnada. Mtu aliyekesha ndiye anayetakiwa kupatana bei na dalali aliyelala vizuri. Bei ya chini kabisa ya kukubali aizungumze na wenzake kabla chombo hakijatoka, akili zikiwa zimetulia. Wakati huo huo usikilizwe utabiri wa upepo na mawimbi wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, ili uamuzi wa kutoka au kubaki usifanywe ufukweni kwa kusukumana.

Wapo wanaosema bahari haina ratiba. Waongozaji wa Mlima Meru, wanaowaamsha wageni usiku wa manane ili wafike kileleni alfajiri, wangewajibu kwa vitendo: jioni hula mapema, hupanga nguo na taa, kisha hulala wakati wengine wanaanza mazungumzo.

Familia nayo ina zamu yake. Saa tatu usiku, chakula kikishaliwa Olasiti, ndipo mama hukumbuka kumpigia mwanawe. Ikiwa meli iko Singapore, huko ni saa nane usiku, na huenda kijana ana saa mbili tu za kulala kabla ya kuitwa zamu. Kijana huyo aandike zamu zake kwenye karatasi kabla ya kuondoka, azibadilishe ziwe saa za Tanzania, aibandike ukutani karibu na kalenda. Meli ikihamia bahari nyingine, atume ujumbe wa saa mpya, na nyumbani wasubiri hadi aamke ndipo wampigie.