Kichwa Hakina Mkopo

Kwenda maonyesho ya pikipiki Nairobi ni kugundua kwamba nchi hii ina waendeshaji wa aina mbili, na ni aina moja tu ambayo wauzaji wanaamini ina mifupa. Wa kwanza ni msee wa wikendi. Ana BMW GS au Himalayan ya Royal Enfield, Jumapili asubuhi yuko njiani kwenda Naivasha na wenzake kunywa kahawa, na kabla hajawasha injini amevaa jaketi, suruali, glavu, buti na helmeti ambazo ukijumlisha bei unakaribia kununua nduthi nzima. Wa pili ni yule aliyekubeba jana kutoka steji hadi kwenye geti. Ana Boxer au TVS, gambuti, koti zito la mitumba alilolivaa kinyumenyume ili upepo usimpige kifuani, na helmeti iliyoning'inia kwenye kioo cha pembeni. Wa kwanza hupanda pikipiki mara nne kwa mwezi. Wa pili hushinda juu yake kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka usiku. Sasa niambie ni nani anahitaji kinga zaidi, halafu twende tukaone ni nani anauziwa.

Sina ubaya na wasee wa wikendi. Mtu akijikinga amefanya jambo la akili, na laiti sote tungeweza kuwaiga. Ugomvi wangu ni na waagizaji, wakopeshaji na serikali, ambao kwa pamoja wametuaminisha kwamba pikipiki ni kifaa cha kazi lakini helmeti ni kitu cha starehe. Huo ni uongo, na unaua watu.

Mwaka huu niliingia kwenye maonyesho hayo na jirani yangu, mtu wa boda wa steji ya mtaa wetu. Chama chao kilikuwa kimechanga elfu ishirini, wakamtuma anunue helmeti nne za maana. Mimi nilitaka tu kuona mashine mpya, na mashine kweli zilikuwepo. Kulikuwa na Africa Twin ya 1,100cc iliyopandishwa juu ya jukwaa kama bibi harusi. Kulikuwa na nduthi za umeme zenye betri ya kubadilisha, zisizopiga kelele hata kidogo. Na kulikuwa na 150cc za kawaida, zimepangwa safu kwa safu, kando yake meza za mikopo na vijana wenye fulana za rangi moja wakiita watu kama makanga wa Machakos Country Bus. Lete kitambulisho, lete malipo ya kwanza, ondoka na mashine. Ulikuwa ukumbi wenye furaha, na sitajifanya kwamba haukunipendeza.

Kisha tukaenda upande wa mavazi. Helmeti zilikuwa kwenye rafu za kioo zenye taa. Ya bei ya chini kabisa niliyoiona ilikuwa 11,500. Muuzaji akamuuliza jirani yangu anaendesha mashine gani. Akajibu, "Boxer." Muuzaji akatabasamu, akatuonyesha meza iliyokuwa karibu na mlango: glavu za kitambaa, stika, vishikio vya funguo. Hakuwa na madharau hata chembe, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alidhani anatusaidia. Kichwani mwake, mtu wa Boxer akija kwenye maonyesho anakuja kutafuta stika.

Tuliporudi kwenye meza ya mikopo, kijana mmoja akatuambia tusihangaike kwa sababu ukichukua nduthi kwao unapewa helmeti bure. Jirani yangu akaichukua, akaibonyeza kwa kidole gumba. Ikaingia ndani kama chupa ya soda ya plastiki. Ndani yake kulikuwa na kipande cha sponji, basi. Mkanda wa kidevu ulikuwa umeshikiliwa na ribiti moja kila upande. Tulitoka pale na helmeti moja, kwa sababu pesa hazikutosha ya pili. Steji ina watu kumi na wanne. Walichoamua ni kwamba anayepata safari ya Thika Road ndiye anayeivaa.

Rudia sentensi hiyo polepole. Watu wazima kumi na wanne, wote wenye mashine za zaidi ya laki moja na nusu, wanapokezana helmeti moja kama darasa lenye kitabu kimoja.

Kuna watakaosema helmeti ni helmeti, mradi kichwa kimefunikwa. Hapana. Ganda la nje ni nusu tu ya kazi. Ndani ya ganda panatakiwa kuwa na tabaka nene la povu gumu jeupe, jamii ya lile linalokuja ndani ya boksi la televisheni mpya. Kichwa kikigonga lami, povu hilo hupondeka badala ya fuvu, na kwa kupondeka linaupa ubongo sehemu ndogo ya sekunde ya kupunguza mwendo. Ndiyo maana helmeti iliyopata ajali moja imemaliza kazi yake, hata kama nje inang'aa. Sponji haipondeki hivyo. Sponji ni ya kukufanya uhisi umevaa kitu.

Tofauti hiyo inapimwa. Kiwango cha Umoja wa Mataifa, kile kinachoitwa ECE 22, kinataka helmeti ipigwe na kuvutwa kwenye maabara kabla haijaingia sokoni, na ikifaulu inapewa alama ya herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyoipitisha. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa na Cochrane mwaka 2008 ulikadiria kwamba helmeti humpunguzia mwendeshaji aliyepata ajali hatari ya kufa kwa 42% na hatari ya kuumia kichwa kwa 69%. Hapo tunaongea kuhusu helmeti. Hatuongei kuhusu bakuli lenye mkanda.

Sasa tuiangalie serikali. Kifungu cha 103B cha Sheria ya Trafiki kinasema mwendeshaji na abiria wavae helmeti na jaketi yenye reflekta, na kwamba mwendeshaji ndiye atakayezitafuta, zake na za abiria wake. Sheria nzuri. Lakini angalia mzigo wote umetuliwa begani mwa nani: mtu wa mwisho kwenye mnyororo, yule mwenye pesa kidogo kuliko wote. Aliyeleta kontena la makopo ya plastiki bandarini hasimamishwi na karao pale Roysambu. Aliyekopesha mashine bila kinga haulizwi kitu. Anayesimamishwa ni yule kijana, na sote tunajua mazungumzo hayo huishia wapi. Anatoa kitu kidogo, anaendelea na safari, kichwa wazi vilevile.

Na si kwamba serikali haijui kurahisisha mambo ikitaka. Kuelekea mwisho wa miaka ya 2000 iliondoa VAT kwenye pikipiki za chini ya 250cc, na tangu hapo nduthi zikajaa kila kijiji, vijana wakapata kazi, akina mama wakafika hospitali. Mwaka 2023 ikaja na nafuu ya ushuru kwa pikipiki za umeme. Kila mara serikali ilipofikiria pikipiki, ilifikiria injini. Hao walio juu ya injini waliachiwa polisi na wadi za mifupa. Takwimu za NTSA zimekuwa zikituambia jambo lilelile: zaidi ya watu 4,000 hufa kwenye barabara zetu kwa mwaka, wa kwanza wakiwa wanaotembea kwa miguu, na nyuma yao watu wa pikipiki.

Najua majibu yenyewe, nimeyasikia kwenye steji na kwenye matatu.

La kwanza ni kwamba watu wa boda hawapendi kuvaa hata wakipewa. Wanapewa nini? Hicho kibakuli kinachopaa mwendo ukifika sitini, kinachobana masikio na kuziba sauti ya lori linalokuja nyuma? Hata mimi nisingekivaa. Yule jamaa anayepata zamu ya helmeti ya steji yetu haivui mpaka afike. Kitu kizuri hakihitaji kuhubiriwa sana.

La pili ni kwamba abiria ndio wanaokataa. Hili lina ukweli. Helmeti iliyovaliwa na watu thelathini tangu asubuhi inanuka, na mtu aliyelipa elfu tatu kusukwa nywele hataki kuiweka juu. Lakini hili nalo lilishapata jibu. SafeBoda walipotoka Kampala wakaja Nairobi mwaka 2018, mwendeshaji alikuwa na helmeti mbili za rangi ya chungwa, na kulikuwa na vifuniko vya nywele kwa abiria. Watu walivaa. Kampuni iliondoka Kenya mwaka 2020, na ilipoondoka ile desturi ikaondoka nayo, kwa sababu tulikuwa tumeiacha iwe mradi wa kampuni moja badala ya kuwa sheria inayofuatwa na wote.

La tatu, na ndilo kubwa, ni bei. Helmeti ni ghali. Haya, tupige hesabu. Umoja wa Mataifa umekuwa ukisukuma helmeti za kiwango chake zenye matundu ya hewa kwa nchi za joto, kwa bei isiyozidi dola 20. Kwa pesa zetu hiyo ni kama 2,600. Mbili, ya mwendeshaji na ya abiria, ni 5,200. Chukua mkopo wa mwaka mmoja na nusu, tuseme siku 540. Gawanya. Unapata chini ya shilingi kumi kwa siku. Mtu ambaye tayari analipa mia nne au mia tano kila siku ili mashine isichukuliwe, anaombwa aongeze bei ya mandazi moja ili kichwa kisipasuke. Hakuna anayemwomba, kwa sababu mkopeshaji hapotezi kitu kichwa kikipasuka. Mashine imewekewa kifaa cha kuifuatilia. Mashine ina bima. Mkopo una mdhamini. Kitu pekee kwenye biashara nzima ambacho hakina mlinzi ni fuvu la anayelipa.

Kwa hivyo madai yangu ni matatu, na hayahitaji kamati ya kwenda ziara Ulaya. Pikipiki yoyote inayouzwa kwa mkopo itoke dukani na helmeti mbili zenye alama ya kiwango, zikiwa ndani ya mkopo wenyewe, na isiposajiliwa hivyo isiingie barabarani. KEBS waende kwa waagizaji na kwenye maduka ya jumla, wazichome zile plastiki hadharani kama wanavyochoma sukari mbaya, badala ya kuiachia karao kazi ya kupima ubora kando ya barabara. Na waandaaji wa maonyesho, kama wanachukua pesa za kiingilio kutoka kwa watu wa boda, wawawekee pia meza ya kinga ya bei yao. Watu wanaoendesha kila siku ndio soko kubwa la pikipiki nchi hii. Soko hilo halifai kupelekwa kwenye stika.

Kuna dai la nne, na hili ni lenu mnaosoma. Sisi wa mjini ndio abiria. Sisi ndio tunaomwita mtu wa boda kwa simu, tunamwambia akimbie kwa sababu tumechelewa mkutano, kisha akitupa helmeti tunaishika mkononi kama sahani chafu. Beba leso au kofia nyembamba ya nywele ndani ya begi, vaa, funga mkanda wa kidevu mpaka ukaze. Helmeti isiyofungwa ni ya kwanza kuruka. Na ukiona mwendeshaji mwenye helmeti ya kweli, mwite huyo tena kesho. Pesa zako za nauli zina sauti kuliko tweet yako.

Na maonyesho yajayo yakifika, nendeni. Pigeni selfi juu ya Africa Twin, hakuna dhambi. Lakini mkimaliza, piteni kwenye meza ya mikopo, chukueni ile helmeti ya bure, mwibonyeze kwa kidole gumba, halafu mumuulize wakala kama angemvalisha mtoto wake. Muulizeni kwa sauti, walio kwenye foleni wasikie.