Petroli iliyolala bado ina kazi

Theluji ikishayeyuka hapa Iowa, watu hufungua mabanda yao na kukuta madumu ya petroli waliyoyasahau tangu mwaka jana. Nyingine imebaki ndani ya mashine ya kukata nyasi, nyingine kwenye boti. Kwa kuwa mimi ni fundi wa injini ndogo, wananijia kuuliza waimwage wapi. Nawajibu wasiimwage. Kama haijaingia maji wala haijaoza, wamtafute mwenye trekta la zamani wampe.

Simaanishi trekta lolote lililochakaa. Nazungumzia matrekta ya petroli kama Farmall H, lililotengenezwa kuanzia 1939 hadi 1953, au Ford 8N la 1947 hadi 1952. Petroli ya enzi hizo ilikuwa dhaifu, na injini zikaundwa kwa kuizingatia: mgandamizo ndani ya silinda ni kama sita kwa moja, wakati magari mengi ya leo hufika kumi kwa moja au kupita. Baadhi ya Farmall zilikuwa hata na matangi mawili, dogo la petroli ya kuwashia na kubwa la mafuta mazito ya bei nafuu ya kufanyia kazi. Injini ya namna hiyo haisumbuliwi na petroli iliyopungua makali kidogo. Ukiitia petroli hiyo hiyo kwenye gari jipya lenye pampu ndani ya tangi na nozeli zenye matundu membamba kuliko sindano, gharama ya kusafisha itazidi mara nyingi bei ya dumu zima.

Kabla ya yote, ipime kwa macho na pua. Mimina kiasi kwenye chupa safi ya kioo, uiache itulie. Petroli nzuri huwa angavu. Huku nyingi imechanganywa na ethanoli, nayo huvuta unyevu. Maji yakizidi, huungana na ethanoli na kuzama, na utaona mstari umeigawa chupa juu na chini. Hiyo haifai injini yoyote. Ikiwa imegeuka rangi ya kahawia na inanuka vanishi, ujue imeanza kufanya gundi, nayo usiipe hata trekta. Hizo mbili zipelekwe kwenye vituo vya kupokea taka hatari, hata kama ni mwendo mrefu.

Iliyofaulu ichujwe, kisha sehemu moja ichanganywe na tatu au nne za petroli mpya. Mchanganyiko huo utumike trekta likiwa kazini, si la kuegeshwa nao mpaka mwaka mwingine. Petroli ikikaa, sehemu zake nyepesi huruka, na hizo ndizo zinazowasha injini asubuhi ya baridi, kwa hiyo usishangae ukilazimika kuvuta choki zaidi.

Naipenda Ford 8N kwa sababu haimfichi fundi kitu. Tangi liko juu ya injini, mafuta hushuka yenyewe bila pampu, na njiani hupita kwenye kikombe cha kioo kilicho chini ya tangi. Tone la maji au punje ya kutu ikiingia, unaiona imekaa pale chini. Unafunga koki, unalegeza skrubu, unamwaga kilichomo kwenye kopo, unapangusa kioo, unarudisha gasketi yake na kukaza kwa vidole. Ni kazi ya dakika chache.

Wako wakusanyaji wanaokasirika wakinisikia. Wanasema trekta lililotunzwa miaka yote hii si jalala. Ninawaheshimu, na kuhusu petroli iliyooza niko upande wao. Lakini hii iliyopita kwenye chupa, wasipoichoma wao, najua inakoishia: nyuma ya banda, juu ya magugu ya uani. Familia nyingi za mashambani hapa zinakunywa maji ya kisima. Petroli ina benzini, kemikali inayosababisha saratani, na udongo hauizuii isifike kwenye maji. Moshi wa trekta kuukuu si kitu kizuri, nami sitautetea. Ila kati ya moshi huo na kisima cha jirani, nachagua moshi.

Ndugu zangu wa Afrika Mashariki huenda hamna Farmall uani, lakini mna jenereta na pampu za kumwagilia, na petroli hulala humo vile vile umeme usipokatika au mvua ikinyesha vizuri. Kabla ya kuiweka mashine, funga koki ya mafuta na uiache iungurume mpaka izime yenyewe, kabureta ibaki kavu. Iliyobaki kwenye tangi itumieni mapema. Msimuuzie kijana wa bodaboda bila kumwambia, maana riziki yake yote iko kwenye injini ile moja. Na tafadhali, isitumike kuwashia jiko la mkaa au kuchomea takataka eti kwa kuwa imepoa. Sehemu nyepesi zimepungua tu, hazijaisha, na mvuke uliobaki unatosha kurusha moto kutoka kwenye kiberiti hadi kwenye nguo za aliyekishika.