Anayetaka Kuacha Pombe Kisondela Aende Wapi?

Tangu Kenya ilipotangaza, Julai 2025, sera inayopendekeza umri wa kunywa pombe upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21, huku kwetu wilayani Rungwe, Tanzania, umerudi wimbo ule ule: na sisi tukaze. Vilabu vifungwe mapema, wapika gongo wasakwe, walevi watozwe faini. Nimeuchoka wimbo huo. Tumeuimba miaka mingi, na bado mtu wa kata yetu ya Kisondela anayeamka mikono ikitetemeka, akamwambia mkewe kuwa safari hii anataka kuacha kweli, hana pa kwenda jioni ya siku hiyo.

Sibishi kwamba sheria ina kazi yake. Viroba, vile vifuko vidogo vya pombe kali ambavyo hata mwanafunzi aliweza kuvinunua, vilipopigwa marufuku Machi 1, 2017, viliondoka madukani, na lilikuwa jambo jema. Kodi na saa za mauzo nazo husaidia. Lakini aliyekwisha kushikwa, viroba vilipokosekana alihamia kwenye pombe ya kienyeji ya komoni, na komoni ikikosekana anaijua nyumba ya gongo hata usiku wa mvua.

Wapenda faini hawataki kutazama kile ambacho mnywaji anafuata kilabuni. Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia waliofanya utafiti kwa Wanyakyusa wa huku kwetu kati ya 1934 na 1938, walikuta vijiji vilivyojengwa kwa rika: vijana waliondoka kwa wazazi wao, wakaanzisha kijiji chao, wakala na kunywa pamoja mpaka uzeeni. Kitabu alichokitoa Monica mwaka 1951 alikiita Good Company, kwa kuwa kukaa vyema na wenzako ndiko kulikobeba maisha yote. Vijiji vya rika vimekwisha. Kwa wanaume wengi, kilichobaki cha baraza lile ni kilabu: kimpumu ya ulezi katikati, mirija, habari za ng'ombe, bei ya parachichi, nani kafiwa, nani anatafuta kibarua. Ukimwambia mtu aache pombe, unamwambia aache na hayo yote. Atavumilia wiki mbili, ameketi nyumbani peke yake giza likiingia, akisikia vicheko vya wenzake barabarani. Ya tatu atarudi, na sisi tutasema hakuwa na nia.

Nia alikuwa nayo. Alichokosa ni watu. Faini haimpi mtu hata mmoja wa kukaa naye, na msako unamwondolea hata wale aliokuwa nao. Baadhi ya makanisa nayo huongeza jeraha: humwombea mlevi Jumapili, kisha akianguka tena humtenga na ushirika. Yaani mtu anayeugua upweke tunamtibu kwa kumfukuza! Hapo ndipo uvumilivu wangu unapoishia.

Mwaka 1935, mjini Akron, Ohio, Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa aliyekuwa ameacha pombe miezi michache tu, alikuwa peke yake safarini na akaiona baa ya hoteli inamvuta. Hakutafuta mtu wa kumkaripia. Alitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye, akakutanishwa na Bob Smith, daktari wa upasuaji. Kutokana na mazungumzo yao ulizaliwa mtandao wa vikundi vya Alcoholics Anonymous: hakuna kiingilio, na sharti la kujiunga ni moja tu, kutaka kuacha. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2020, yaliyokusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000, yalionyesha kuwa walioelekezwa kwenye vikundi hivyo kwa utaratibu maalumu walikaa bila pombe sawa na waliopewa tiba nyingine, na mara nyingi kuwazidi.

Watu wawili na chumba. Tunashindwaje? Kumtuma mtu mjini hakufai: kutoka Tukuyu, makao ya wilaya yetu, hadi Mbeya mjini ni kilomita zipatazo 70, na mwenye kibarua hawezi kulipa nauli hiyo kila wiki. Kikundi lazima kiwe cha kufikiwa kwa miguu, tena jioni, saa ile ile ya kilabu.

Nitaambiwa kijijini hakuna siri. Walisema hivyo hivyo kuhusu Virusi vya UKIMWI, na leo vikundi vya WAVIU, watu wanaoishi na virusi hivyo, vinakutana nchi nzima. Na siri gani ya mlevi wa Kisondela ambayo majirani hawajaiona akiyumba nayo njiani? Kukutana kila wiki, kutunza ahadi na kumfuata asiyeonekana tumekwisha kujifunza kwenye VICOBA, vikundi vyetu vya kuweka na kukopa. Serikali ya kijiji itoe chumba, muuguzi wa zahanati aitangaze siku, na mmoja aliyekwisha kuacha akubali kufungua mlango.

Huyo afungue mlango akijua jambo moja la hatari. Aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asikatishe ghafla bila daktari. Siku za kwanza zinaweza kuleta degedege na kuchanganyikiwa, na wengine hufa. Apelekwe kwanza hospitali, Makandana au Igogwe, na wenzake wa kikundi wamsindikize.