Andika "Kopi" Kwenye Tangazo Lako, Hutakufa Njaa

Leo sina mbinu ya kupata wateja elfu moja kwa wiki. Nina maoni yangu tu, na najua kuna muuzaji mwenzangu atanuna.

Mimi nauza bodi za magari ya zamani, hasa Volkswagen Beetle. Shule niliishia kidato cha nne, mambo ya spea nimeyasomea hapohapo kaunta. Kiduka changu kipo Gerezani, Dar, lakini wateja wengi hatujawahi kuonana. Wananiona kwenye simu, wanalipa kwa simu, mzigo unapanda basi.

Maoni yangu ni haya: neno "orijino" linatuua sisi wauzaji wa mtandaoni. Kama kitu ni kopi, andika kopi. Tena andika mstari wa kwanza, usikifiche huko chini baada ya namba ya simu.

Sikuzaliwa na akili hii. Nilifundishwa kwa hasara.

Mwaka juzi alinipigia mzee mmoja wa Moshi, mwalimu mstaafu. Beetle yake ameiendesha tangu ujana, fenda za mbele zimeliwa na kutu mpaka unaona tairi kwa juu. Akaniuliza, "Mwanangu, hizo fenda ni za kiwandani?" Nikamjibu, "Mpya kabisa mzee, hazijaguswa."

Umeona hapo? Zilikuwa mpya kweli. Ila yeye aliuliza kingine, mimi nikajibu kingine, na nilijua ninachofanya.

Fenda mbili, laki tatu na sitini. Alilipa kwa awamu tatu, kila pensheni ikiingia. Fundi wake akasema kwa kuwa ni za kiwandani hakuna haja ya kujaribisha, wakapiga rangi kwanza. Siku ya kufunga, moja ilikaa. Ya pili matundu ya bolti yalipishana na ya kwenye bodi karibu sentimita nzima, na kwa chini haikukutana na ule ubao wa kukanyagia pembeni. Fundi akavuta, akatoboa upya, akagonga. Rangi ikapasuka.

Mzee akanitumia picha. Mimi nikamjibu, "Mzee wangu, mali ikishauzwa hairudi." Naandika hili nikiona aibu.

Hakunitukana. Alisema hivi: "Ungeniambia ni ya kuigiza ningeinunua hivyohivyo, maana hela ya nyingine sina. Ila ningemwambia fundi aijaribishe kwanza."

Wadau, sikulala. Mzee hakuwa anakataa kopi. Nilimnyima tu taarifa aliyoihitaji ili kopi imfae. Na yule fundi ndiye aliyekuwa akinielekezea wateja wa huko. Miezi minne sikupata oda hata moja kutoka Moshi. Nilimrudishia mzee hela ya fenda ile, nikataka kumlipa na rangi. Ya rangi akakataa, akasema hilo ni kosa lake na fundi wake.

Sasa kuna wanaosema kopi ni feki. Hapana. Beetle ya mwisho ya umbo lile la zamani ilitoka kiwandani Mexico mwaka 2003, baada ya kutengenezwa zaidi ya milioni 21. Fenda za kiwandani zilizobaki kwenye maghala ni za kutafuta, na bei yake si ya pensheni. Bila kopi, magari mengi ya wazee wetu yangebaki kuwa banda la kuku. Kopi ni mali halali. Feki ni kopi iliyovaa jina la mwenzake.

Siku hizi tangazo langu lina mambo manne, na wewe unaweza kuyageuza yaendane na bidhaa yako.

Kwanza, neno KOPI kwa herufi kubwa.

Pili, inaingia gari la mwaka gani. Fenda za mbele za Beetle nyingi zilibadilika kuanzia modeli ya 1968. Za nyuma ya hapo kioo cha taa kimelala kufuata mteremko wa fenda, za baadaye taa imesimama wima. Boneti ya 1302 au 1303 usimuuzie mwenye Beetle ya kawaida, haikai. Kwa hiyo kabla sijapokea hela naomba picha ya taa na picha ya kadi ya gari.

Tatu, kasoro ninazozijua. Napima unene wa bati nauandika. Ile rangi nyeusi inayokuja na fenda mara nyingi ni ya kuilinda njiani tu, nasema wazi ipigwe msasa na praima kwanza.

Nne, JARIBISHA KABLA YA RANGI. Fenda ya Beetle inafungwa kwa bolti, kwa hiyo kuijaribisha si kazi kubwa. Sakafu ndiyo ya kuogopa, maana inachomelewa. Ukishaichomelea umefunga ndoa. Hiyo namwambia mteja apime kabla fundi hajakata hata kipande cha ile ya zamani. Kama haijapakwa rangi wala kutobolewa, nairudisha ndani ya siku saba na nauli tunagawana.

Najua utasema, "Nikiandika kopi, mteja atakimbilia kwa jirani anayeuza hiyohiyo kwa jina la orijino." Ni kweli. Wapo walionikimbia, na wiki ya kwanza iliniuma. Ila kutu haiishi sehemu moja. Anayeanza na fenda ya mbele, kesho atataka ya nyuma, keshokutwa sakafu ya kulia chini ya kiti cha nyuma, pale betri inapokaa na kumwaga asidi yake. Mteja wa aina hiyo si wa mara moja. Nikimdanganya kwenye fenda, nimejinyima boneti na sakafu.

Na wewe unayeuza mikoba, viatu, chaja au manukato, usidhani hili ni la wenye magereji tu. Mteja wa mtandaoni hawezi kushika mzigo wala kuunusa. Maneno yako ndiyo mikono yake. Ukimwambia mkoba ni wa ngozi kumbe ni plastiki, ataugundua siku ya mvua, na siku hiyo wewe hupo pale kujieleza.

Fungua tangazo lako la mwisho sasa hivi. Soma kila neno, jiulize: mteja akiliamini neno hili akafanya kazi nalo, ataumia? Kama jibu ni ndiyo, lifute leo.

Mwezi uliopita yule mzee alinitafuta tena, anataka sakafu ya kulia. Kabla sijataja bei nikamwandikia: "Shikamoo mzee. Hii ni kopi. Pima kabla hujakata."

Akajibu: "Marahaba mwanangu. Nimeshapima. Tuma."

Kazi njema wadau.