Hiyo ndege haianguki, lakini wangetuambia mapema

Ukikaa Mbotela, Makongeni au Jericho unaijua hii stori. Ndege kubwa inapita, madirisha yanatetemeka, mama mboga anaacha kukata sukuma na kuangalia juu. Kabla sauti haijaisha, video iko kwenye grupu la mtaa: "Wasee, hii inaanguka Jogoo Road!"

Haianguki. Kwanza, macho yako yanakudanganya. Dreamliner ya KQ ina mita 60 kutoka ncha ya bawa moja hadi nyingine. Zile Dash 8 za kwenda Mombasa na Kisumu zina 28 tu. Zikipita kimo kimoja, hiyo kubwa itaonekana kama imekusogelea mara mbili. Huko juu hakuna nguzo ya stima wala ghorofa ya kupimia, kwa hivyo ubongo unakisia tu.

Halafu kuna yule jamaa wa programu ya kufuatilia ndege kwenye simu. "Boss, inasema futi 7,300, hiyo si chini." Hesabu hiyo ni ya kutoka usawa wa bahari, na JKIA yenyewe iko futi 5,330 juu ya bahari. Toa. Zinabaki kama 2,000, yaani mita 600 hivi. Panga KICC sita moja juu ya nyingine, hapo ndipo ilipo. Kwa ndege inayotua, hicho ni kimo cha kawaida kabisa. Inateremka kwa pembe ya nyuzi 3 hivi, kwa hivyo ikibakisha kilomita 10 kufika, iko mita 520 tu juu ya uwanja. Jiji lenye uwanja pale Embakasi, Wilson upande wa pili na kambi ya wanahewa Eastleigh haliwezi kukosa ndege za chini.

JKIA ina njia moja tu ya kurukia, na ndege hutua ikiuelekea upepo. Kwa kuwa upepo wetu mara nyingi unatoka mashariki, nyingi huingia kwa upande wa mbuga, juu ya simba. Upepo ukigeuka, zinaingia kwa upande wa Ruai na Utawala, na watu wa huko wanadhani kuna shida. Sisi Mbotela hatuko kwenye mstari huo. Tunaona zinazokata kona, na mara mojamoja ile ambayo rubani ameghairi kutua, akakanyaga moto na kupanda tena ili azunguke. Hiyo hupiga kelele kweli, lakini ni rubani anayefanya kazi yake vizuri. Na huku juu hewa ni nyepesi, hasa jua likiwaka, kwa hivyo ndege iliyojaa mafuta hupanda polepole. Hiyo ni sababu moja ya safari nyingi ndefu, kama ile ya New York, kuondoka usiku kukiwa na baridi.

Sheria za anga zinasema juu ya mji ndege isishuke chini ya mita 300 juu ya jengo refu zaidi lililo karibu, isipokuwa inatua, inapaa, au imepewa ruhusa. Hiyo ruhusa ndiyo naizungumzia. Mwaka 1995, kabla ya fainali ya Kombe la Dunia la raga pale Ellis Park, Johannesburg, Boeing 747 ya abiria ilipita juu kidogo tu ya uwanja uliojaa watu. Watu walishangilia, sawa. Lakini walikuwa wamekaa uwanjani wakingoja sherehe. Wewe uko kibandani unakula chapo, na wanajeshi wanafanyia Jamhuri Dei mazoezi juu ya kichwa chako.

Huu ni mji uliopitia Agosti 7, 1998. Kuna wazazi wetu ambao wakisikia mngurumo hawangoji maelezo. Serikali ikitaka ushuru inajua kututumia ujumbe. Basi ndege ikipewa ruhusa ya kupita chini, tuambiwe siku moja mbele, kwa Kiswahili, saa ngapi na mitaa gani. Tangazo la Kiingereza kwenye X saa mbili baadaye halimsaidii nyanya aliyejificha chini ya meza.

Na kama lazima uogope kitu, ogopa maghorofa. Julai 2, 2014, Fokker 50 ya mizigo iliyobeba miraa kwenda Mogadishu ilipaa JKIA alfajiri ikagonga jengo Utawala. Wote 4 waliokuwa ndani walikufa. Tangu hapo Utawala imejengwa kwa fujo, ploti kwa ploti. Mamlaka ya usafiri wa ndege, KCAA, ndiyo hutoa kibali cha urefu wa majengo karibu na viwanja. Ukienda kuona nyumba huko, ghorofa ya sita, caretaker akakusifia upepo na mandhari, muulize kama landlord anacho hicho kibali.