Ufundi kwa Jamaa: Gari Inayolala Siku Mingi

Katika Masisi na Walikale kuko gari zinazotembea siku chache tu katika mwezi. Mvua inakata barabara, mazutu inapanda bei, vita inafunga njia, ao machimbo yenyewe yanasimama. Mkumbuke tangu Septemba 2010 mpaka Machi 2011, wakati serikali ilipokataza kuchimba na kuuza madini katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Tena Machi 2025 machimbo ya bati ya Bisie yalisimama kwa muda, sababu vita ilikaribia. Nyakati kama zile mwenyi gari anaiingiza chini ya manjanja na kusema: "Ipumzike."

Lakini gari haipumziki kama mtu. Inazeeka ikiwa imesimama. Na ile siku mtakayoihitaji inaweza kuwa siku ya mama mwenyi uchungu wa kuzaa, saa nane za usiku, na hospitali iko mbali.

Wengi wanalijua hilo, ndiyo maana kila asubuhi wanawasha moteri dakika tano uwanjani, kiisha wanaizima. Tunakuambia wazi: uache desturi hiyo. Kuamsha moteri kunakula nguvu mingi ya bateri, na dakika tano za kuunguruma pole pole hazitoshi kuirudisha. Kila asubuhi unakopa, hulipi. Tena, mafuta yakiungua yanatoa mvuke wa maji pamoja na moshi. Moteri ikiwa ingali baridi, mvuke ule unageuka maji. Mengine yanabaki ndani ya bomba la moshi na kulitoboa kwa kutu, mengine yanaingia katika oili. Ukifungua kifuniko cha oili na kuona kitu cheupe kama uji, pengine ni maji hayo tu. Lakini kama maji ya radiateri nayo yanapungua, ita fundi mbele ya kuiwasha tena.

Basi chagua moja: itembeze kweli, ao iache ilale kabisa.

Kama njia ni wazi na salama, itembeze kila juma mbili, nusu saa ao zaidi, mpaka moteri yote ipate moto sawasawa. Iende sokoni, ipande kilima, ikanyagwe freni mara kadhaa ili kutu itoke. Kuzunguka uwanja wa nyumba si safari.

Kama njia imefungwa, itayarishe kwa kulala. Osha matope, zaidi sana yale ya chini, sababu matope yenye maji yanaita kutu, na pale Walikale mvua inanyesha karibu mwaka mzima. Tanki ya mazutu uijaze: katika tanki tupu hewa ya unyevu inageuka maji, na ndani ya maji hayo uchafu unaota. Esansi ni habari nyingine. Ikikaa miezi mingi inapoteza nguvu, basi usiweke bidoni za mwaka mzima (wala usiziweke ndani ya nyumba wanapolala watoto!).

Bateri uitoe. Anza na waya wa upande wa −, kiisha ule wa +. Siku ya kuirudisha anza na +. Iweke pahali pakavu, mbali na moto na sigara, na umwombe mwenyi paneli ya jua ao jenereta aijaze kila mwezi. Bateri ya volti 12 iliyojaa na kutulia inaonyesha karibu 12,6 katika kipimo. Ikifika 12,4 ijaze. Ukiiacha chini ya 12 kwa majuma mengi itakufa, na utanunua ingine Goma kwa pesa ya karo ya watoto.

Freni ya mkono usiiache imekazwa, maana itashikamana. Zuia magurudumu kwa vipande vya miti. Pine zipigwe pompu kidogo zaidi, ao gari iinuliwe juu ya magogo yenye nguvu. Na panya! Wanakula waya, wanazaa chini ya kapo. Usiache hata ganda la ndizi ndani. Wengine wanaziba bomba la moshi kwa kitambaa: ni vizuri, lakini fungeni kamba nyekundu katika usukani, ili yule atakayewasha gari akumbuke kukitoa.

Siku ya kuiamsha, fungua kapo kwanza, uangalie waya, oili, maji ya radiateri na mafuta ya freni. Na ninyi vijana, msiwashe moteri ndani ya nyumba iliyofungwa. Wachimbaji wanajua: pompu ya moteri ikiwekwa ndani ya shimo, moshi wake unaua watu mbele hawajasikia kitu. Garaji iliyofungwa ni shimo vilevile. Fungua mlango, sukumeni gari mpaka inje, kiisha ndipo muiwashe.