Viungo vinavyomrudisha msomaji kwa mwandishi yuleyule

Saa kumi na mbili za asubuhi, mkaaji wa Goma, Bukavu au Uvira akifungua simu yake, anatafuta mambo machache tu. Barabara inapita? Shule zinafunguliwa leo? Milio ya risasi ya usiku ilitokea upande gani? Katika kundi la WhatsApp la mtaa wake anakuta viungo, au lien kama wengi wanavyosema, vimepangana mmoja chini ya mwingine. Akiangalia vizuri anaona vimetumwa na watu walewale wawili au watatu, na kila mmoja anatangaza maandishi yake mwenyewe. Akienda kwenye kundi la wazazi wa shule, anavikuta tena. Kundi la kanisa, vivyo hivyo. Hata katika kundi lililofunguliwa kwa ajili ya matanga, kati ya ujumbe wa pole na orodha ya michango, kiungo kimepita.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni rahisi kuwatupia wanablogu methali hiyo, lakini haiwatendei haki. Mashariki mwa Kongo, chema nacho kinatembezwa. Magazeti ya kuchapishwa ni machache sana, na barabara mbovu na vita haviyaachi yafike mbali. Matangazo ya biashara ambayo yangemlipa mwandishi ni haba. Kijana aliyemaliza masomo ya uandishi wa habari na kukosa mshahara anajifungulia blogu, ananunua mega kwa feza zake, anaandika usiku. Asipopeleka kiungo chake kwa watu, nani atampelekea? Muuzaji wa samaki pale soko la Kituku anapaza sauti kuita wateja, na hakuna anayemlaumu. Kwa hiyo kelele peke yake si kosa kubwa, ingawa kuingia na bidhaa matangani ni kukosa adabu, na mtu hahitaji diploma kulijua hilo.

Shida iko mahali pengine: ndani ya makala yenyewe.

Kiungo kilibuniwa ili kumpeleka msomaji kwa mtu mwingine. Mwaka 1998, Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, walipoanzisha Google, walijenga hesabu yao juu ya wazo hilo: ukurasa unaotajwa na kurasa nyingine, hasa zile zenye uzito, ndio unaostahili kuonyeshwa mbele. Kiungo kilihesabiwa kama kura. Sasa mwandishi anayejaza makala yake viungo vya makala zake nyingine ni kama mgombea aliyekaa kwenye kituo cha kura anajipigia mwenyewe toka asubuhi hadi jioni.

Mfano unaonekana mara nyingi. Makala inadai kwamba jambo fulani limetokea kijijini. Badala ya kutaja shahidi, chifu, muuguzi wa kituo cha afya au barua ya serikali, inaandika: kama tulivyokwisha kuandika. Msomaji anabonyeza. Anafika kwenye makala ya wiki iliyopita, nayo inasema: kama tulivyoeleza. Anabonyeza tena. Mwisho wa safari hakuna mtu aliyeona kitu. Mwanafunzi akitetea mémoire yake mbele ya jury huku vyanzo vyake vyote ni kazi zake mwenyewe, atarudishwa nyumbani. Mtandaoni anapata pongezi, kwa sababu viungo vingi vinamfanya aonekane mtu aliyefanya utafiti.

Katika jimbo lenye amani, hayo yangekuwa majivuno tu. Huku ni hatari. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ililipuka na moto wake ukashuka hadi Buhene, mlangoni mwa Goma. Mitetemeko ikafuata siku baada ya siku. Tarehe 27 Mei, gavana wa kijeshi aliamuru wakaaji wa mitaa 10 kati ya 18 ya mji wahame, na malaki ya watu wakashika njia ya Sake, ya Rutshuru, ya ziwa kuelekea Bukavu, au wakavuka mpaka kuingia Rwanda. Siku kama hizo, mama mwenye watoto wanne anahitaji kujua neno la OVG, kituo kinachochunguza volkano, ni la leo au la juzi. Kiungo kinachofika kwenye simu kinaonyesha kichwa cha habari na picha, na mara nyingi hakionyeshi tarehe. Mwandishi anayerudisha makala yake ya zamani kwa sababu watu sasa wanaitafuta anapata wasomaji. Yule mama anaweza kupoteza njia.

Na tangu Goma ilipoingia mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, kisha Bukavu katikati ya Februari, hitaji hilo limekuwa la kila siku. Neno HARAKA linawekwa mbele ya kila kitu. Msomaji anakula mega zake kufungua ukurasa, anakuta maneno matatu mapya na viungo vitano vya mwandishi yuleyule.

Mwaka 2020 WhatsApp iliweka kizuizi: ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi hupelekwa kwenye kundi moja tu kwa mara moja. Lakini anayenakili kiungo chake na kukibandika upya katika kila kundi haguswi na kizuizi hicho. Kwa mashine, kila ujumbe wake ni mpya.

Kuna upande ambao haulalamikiwi sana, nao ndio unaoumiza zaidi: viungo visivyowekwa. Mwandishi wa redio ndogo huko Minova, Kamanyola au Fizi ndiye anayefika wa kwanza, mara nyingi kwa miguu, mara nyingi kwa hatari. Saa mbili baadaye ukurasa wa mjini umeandika upya habari yake, umeongeza picha ya zamani, na viungo vyote vilivyomo ni vya ukurasa huo. Jina la yule wa kwanza halimo. Hapati kazi kwa ajili yake, hapati hata asante. Na kama habari ilikuwa na kosa, yeye akilisahihisha, msomaji wa mjini hatajua kamwe, kwa kuwa hakuna njia ya kumrudisha pale ilipoanzia.

Wengine watasema sheria iingie. Sheria ya uhuru wa habari ya tarehe 13 Machi 2023, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1996, inagusa pia vyombo vya mtandaoni. Lakini kujitangaza si kosa la jinai, na lisifanywe kuwa kosa. Yeyote mwenye bunduki au muhuri akipewa ruhusa ya kuamua nani anajitangaza kupita kiasi, ataanza na wale wanaoandika asichokipenda.

Kazi hii ni ya wandishi wenyewe, na ya wasimamizi wa makundi. Mwanablogu anaweza kuandika tarehe na mahali ndani ya ujumbe, kabla ya kiungo, ili asiye na mega ajue bila kufungua. Anaweza kuonyesha makala yake ya zamani pale tu inapoongeza kitu, na kuweka kando yake kiungo cha yule wa Minova. Msimamizi naye anaweza kukataa viungo vitupu: anayetaka kutuma habari aeleze kwa sentensi mbili nini kimetokea, lini, na nani amekiona. Atakayeshindwa kuandika sentensi hizo mbili, pengine hana habari ya kutuma.